MOSHI WA JENERETA NA NJIA YAKE YA KUTOKA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa chama)



Tumepewa na Halmashauri ya chama kazi ya kusema nanyi leo habari ya moshi. Tulipolitaja jambo hili mara ya kwanza, wenzetu kadha wa kadha walicheka. Walisema, "Chama kina mambo ya mishahara, na likizo, na nyumba, na malipo ya uzeeni, nanyi mwatuletea moshi?" Hatukuwalaumu, maana hata sisi wenyewe zamani tungalicheka. Lakini, ndugu, mshahara hupokewa na mtu aliye hai, na likizo huendwa na mtu mwenye nguvu zake. Siku tulipoona mwenzetu akitolewa masjalani amebebwa kama gunia, ndipo tulipojua ya kuwa moshi nao ni jambo la chama.

Basi twawaomba mtuvumilie. Tutaeleza kwanza yaliyotupata sisi, kisha sumu iliyomo katika moshi, kisha njia ya kuitoa isimdhuru mtu, na mwisho tutasema juu ya wajibu wetu, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu.

YALIYOTUPATA

Yalikuwa majira ya mgawo wa umeme. Ninyi nyote mwayajua majira hayo: stimu hukatika asubuhi, kompyuta zote hulala, watu hujaa barazani wakingoja vyeti vyao, na karani hana jibu ila kuomba radhi. Ofisi yetu, ambayo hatutaitaja kwa kuwa nia yetu si kumtahayarisha mtu, ilikuwa na jenereta ya petroli, ya namna ile ichukuliwayo na watu wawili. Mwanzo iliwekwa uani, chini ya mwembe. Ikanyeshewa mvua, ikakataa kuwaka siku mbili. Kisha usiku mmoja wezi wakaukata mnyororo, wakaifikisha hata ukutani kabla mlinzi hajapiga kelele. Asubuhi yake ikatoka amri: jenereta iingizwe ndani, katika kijichumba cha mafaili ya zamani kilicho nyuma ya masjala.

Kijichumba kile kilikuwa na dirisha moja la nondo, na mlango wa kuingilia masjalani. Dirisha likaachwa wazi, mlango ukafungwa, nasi sote tukaona ya kuwa jambo limetengenezwa vema. Mvua haikuifikia tena mashine, wala mwizi hakuiona. Hakuna aliyeuliza moshi utakwenda wapi.

Mwisho wa mwezi tulikuwa watu wanne tuliobaki kazini usiku, kumaliza hesabu zilizotakiwa asubuhi. Baada ya muda tukaanza kuumwa kichwa. Mmoja alisema ni macho, kwa ajili ya kutazama tarakimu mchana kutwa. Wa pili alisema ni njaa. Wa tatu alisema ni homa, akameza vidonge viwili kwa maji ya chupa. Mzee wetu wa masjala hakusema neno. Alilaza kichwa chake juu ya meza, nasi tukadhani amesinzia, tukamwonea huruma, tukamwacha apumzike. Chai ilipokuwa tayari tulimwita, asiitike. Tukajaribu kuinuka tumwendee, na magoti yetu hayakututii.

Aliyetuokoa ni mlinzi. Alikuja kuomba kiberiti, akatukuta katika hali ile. Hakusimama kuuliza. Alifungua milango yote, akaizima mashine, akatuburura nje mmoja mmoja hata tukalala majanini chini ya ule mwembe.

Twamshukuru Mungu, wote tulipona. Lakini habari haikuishia hapo. Mzee wetu yule alikuwa mtu ambaye masjala yote imo kichwani mwake. Ungalimwuliza barua ya miaka kumi iliyopita, naye angalikutajia rafu, na faili, na rangi ya kamba iliyofungiwa, pasipo kufungua daftari. Baada ya juma moja alirudi kazini, tukafurahi. Majuma matatu hayajaisha, tukaanza kuona mambo. Faili moja likawekwa mahali pasipo pake, kisha la pili. Swali alilokwisha kujibiwa akaliuliza tena. Hata siku moja alisimama katikati ya masjala yake, mikono mitupu, akatuambia kwa sauti ya chini, "Wanangu, nilikuwa nikitafuta nini?"

Daktari alitueleza ya kuwa ndiyo desturi ya sumu hii kwa baadhi ya watu: mtu huonekana amepona, kisha baada ya siku au majuma madhara hudhihirika katika ubongo. Mzee alipata nafuu baadaye, lakini si yote. Aliomba kustaafu kabla ya wakati wake, nasi tukamwandikia barua ya kumwaga.

Na liko neno moja lililo zito kuliko yote. Mmoja wetu alikuwa amekisoma kile kijitabu kilichokuja na mashine, nacho kilinena waziwazi ya kuwa isiwashwe ndani ya nyumba. Alijua. Hakusema, kwa sababu amri ilitoka juu, naye ni karani wa chini. Hatutamtaja jina, ila yumo katika sisi tusemao nanyi sasa.

SUMU ISIYOONEKANA

Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto. Ni kweli, lakini katika habari hii moshi uonekanao si adui aliye mkubwa. Sumu iuayo upesi haina rangi, wala harufu, wala ladha. Jina lake ni kaboni monoksidi. Huzaliwa kila mahali ambapo petroli, au dizeli, au mkaa, au kuni, au gesi huungua pasipo kupata hewa ya kutosha. Ndugu zetu wa nchi za baridi, kama Njombe na Mbeya, au Limuru upande wa Kenya, hawana haja ya kufundishwa habari hii. Wanajua misiba ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku ili kutafuta joto: watu hulala wazima, na asubuhi majirani huuvunja mlango. Jenereta na jiko lile ni ndugu wa tumbo moja, ila jenereta ndiye mkubwa. Tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa imeonya ya kuwa jenereta moja ya kubebwa yaweza kutoa sumu hii sawasawa na mamia ya motokaa.

Kazi yake mwilini ni hii. Ndani ya damu mna kitu kiitwacho hemoglobini, nacho ni kama mpagazi: huchukua oksijeni katika mapafu na kuipeleka katika moyo, na ubongo, na kila kiungo. Kaboni monoksidi hushikamana na mpagazi huyu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mpagazi hutembea kama kawaida, lakini mzigo aliotwikwa ni mwingine. Mtu huvuta pumzi, na kifua chake hujaa hewa, naye hajui ya kuwa viungo vyake vina njaa. Ubongo ndio utakiwao kumwambia, "Toka nje," nao ndio unaozimwa kwanza. Ndiyo maana sisi wanne, watu wenye akili zetu, tuliketi tukijadiliana kama ni njaa au ni homa.

Elimu hii si mpya. Mwezi wa Januari mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka huko Tylorstown, katika nchi ya Wales, wakafa watu 57. Mtaalamu John Scott Haldane aliwachunguza maiti, akaona ya kuwa wengi wao hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na kaboni monoksidi iliyofuata. Alikuwa amekwisha ivuta sumu hiyo yeye mwenyewe kwa kipimo, ili ajue dalili zake. Kwa shauri lake wachimbaji walianza kushuka na viumbe wadogo, na baadaye ndege katika vizimba, kwa sababu ndege huzidiwa kabla ya mtu. Wachimbaji wa Uingereza waliendelea kuwatumia ndege hao hata mwaka 1986, vilipochukua mahali pao vifaa vya kupimia.

Na mwaka 1944, usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi, gari la moshi lililojaa watu lilikwama ndani ya handaki lenye mwinuko karibu na Balvano, katika nchi ya Italia. Injini zake zilikuwa zikichoma makaa yasiyo mazuri, na moshi haukuwa na pa kwenda. Watu zaidi ya 500 walikufa mle, wengi wao wakiwa usingizini, pasipo gari kugongana na kitu wala kuanguka. Ndugu, lile handaki na kile kijichumba chetu vyatofautiana kwa ukubwa tu.

HOJA TUZISIKIAZO

Sasa twataka kuzijibu hoja nne ambazo husemwa katika maofisi mengi.

Ya kwanza husema, "Dirisha li wazi." Dirisha lililo wazi halitoshi, wala feni haitoshi. Mashine huitoa sumu upesi kuliko dirisha liwezavyo kuiondoa, na upepo ukigeuka, dirisha lile lile huwa mlango wa kuingizia. Tena kaboni monoksidi haizami chini wala hairuki juu kwa wepesi. Uzito wake wakaribia sana ule wa hewa, kwa hiyo huchanganyika nayo na kuenea chumba kizima, hupita chini ya milango na juu ya dari.

Ya pili husema, "Mashine yetu ni mpya, haitoi moshi." Tumekwisha sema ya kuwa sumu hii haionekani. Mashine isiyotoa moshi yaweza kuua pia, nayo huua kwa hila zaidi, maana hakuna mtu anayekohoa.

Ya tatu husema, "Yetu ni ya dizeli." Ni kweli ya kuwa dizeli kwa desturi hutoa kaboni monoksidi kidogo kuliko petroli. Lakini kidogo kikikusanyika chumbani huwa kingi. Tena mwaka 2012 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitia moshi wa dizeli katika daraja la kwanza la vitu viletavyo saratani kwa wanadamu. Anayeuvuta kila siku kazini asidhani ya kuwa amesalimika kwa sababu hakuzimia.

Ya nne husema, "Tutaunga bomba, tulitoe dirishani." Kwa mashine ndogo ya kubebwa, bomba la kuungaunga ni hatari juu ya hatari. Maungio hulegea kwa mtikisiko na kuvujisha moshi ndani. Bomba huwa la moto na kuunguza pazia au mbao. Na likiwa jembamba au refu mno, moshi husukumwa kuirudia injini na kuiharibu. Mashine ndogo haikuundwa ikae ndani, na bomba haliibadilishi.

NJIA YA MASHINE NDOGO

Basi dawa ya mashine ndogo ni moja, nayo ni umbali. Wakuu wa afya wa Marekani wamewafundisha watu wao waiweke mbali na nyumba kwa futi zaidi ya 20, yaani mita 6 na zaidi, penye uwazi, mbali na madirisha, milango na matundu ya hewa. Nao walijifunza kwa machozi: baada ya tufani Katrina ya mwaka 2005, na tena baada ya tufani Laura ya mwaka 2020, walikuwapo watu waliookoka na upepo na maji, kisha wakauawa na jenereta za nyumbani mwao. Mita 6 ni hatua nane au tisa za mtu mzima. Karani yeyote aweza kuzipima kwa miguu yake.

Mdomo wa bomba la moshi uelekezwe mahali pasipo watu, wala usielekezwe ukutani, maana moshi hugonga ukuta na kurudi. Yatazamwe pia madirisha ya jirani. Si uungwana kuiponya masjala yetu kwa kuitia sumu shule au zahanati iliyo upande wa pili wa ua.

Lakini tutafanyaje na mvua, na mwizi? Hili ndilo swali la haki, kwa kuwa mvua na mwizi ndio walioiingiza mashine ndani, si ubaya wa mtu. Jibu ni kibanda kisicho na kuta. Yasimamishwe miguu minne na paa la bati, sakafu iwe ya saruji iliyoinuliwa kidogo maji yasituame. Badala ya kuta, kizungushiwe nondo au wavu mzito wa chuma, wenye mlango na kufuli, na mashine ifungwe kwa mnyororo katika pete iliyozikwa ndani ya saruji. Nondo humzuia mwizi wala hazimzuii moshi. Waya wa kuleta umeme ofisini uwe mnene wa kutosha kwa urefu ule na mzigo ule, nao uchaguliwe na fundi wa umeme. Gharama ya bati, saruji na nondo ofisi yaweza kuivumilia.

NJIA YA MASHINE KUBWA

Mashine kubwa za hospitali na za maofisi makuu ni habari nyingine. Hizi zaweza kujengewa chumba chake, na bomba lake hufanywa na fundi mwenye ujuzi. Sisi makarani si mafundi. Lakini sisi ndio tuandikao maombi ya kazi, na tupokeao kazi ikiisha, na kutia sahihi. Yafaa tujue la kutazama kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, bomba liwe la chuma, na upana wake usiwe chini ya ule wa tundu la injini litoalo moshi. Liwe na kona chache. Kila kona huuzuia moshi, na injini iliyozuiliwa moshi wake hupata joto kupita kiasi na kupungukiwa nguvu.

Pili, kati ya injini na bomba pawe na kipande cha chuma cha kunyumbuka. Injini hutikisika na ukuta hautikisiki. Pasipo kipande hicho bomba hupasuka katika maungio.

Tatu, bomba lilalalo liinamie upande wa nje, si upande wa injini. Moshi una mvuke, na mvuke ukipoa huwa maji. Bomba likiinamia ndani, maji huirudia injini. Pawe na mahali pa kuyatolea maji hayo.

Nne, mahali bomba linapopita ukutani au darini pawe na mviringo wa chuma ulioacha nafasi pande zote, lisiguse mbao wala kitu kiwezacho kushika moto. Moshi utokao injinini waweza kupata joto la nyuzi mia kadhaa za Selsiasi. Sehemu iliyo karibu na watu ifungwe kwa kitambaa kisichoungua.

Tano, mdomo wa bomba uwe juu ya paa, mbali na madirisha na mbali na mahali viyoyozi vinapovutia hewa, nao uwe na kifuniko cha kuzuia mvua.

Sita, mashine mbili zisitumie bomba moja, maana iwakayo hupeleka moshi wake katika ile iliyolala.

Saba, chumba kiwe na matundu makubwa, moja la kuingizia hewa baridi na moja la kutolea joto la rejeta. Wala joto hilo lisidhaniwe kuwa ndio moshi; ni vitu viwili, na kila kimoja kina njia yake.

Na kila mwezi mtu mmoja atembee na kurunzi akitazama maungio. Penye masizi meusi nje ya bomba, hapo moshi wavuja. Aandike aliyoyaona katika daftari na tarehe yake.

DALILI NA MSAADA

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, udhaifu wa viungo, na akili kuchanganyika. Kwa watu wa nchi zetu dalili hizi zote huitwa malaria, na mtu humeza vidonge akaendelea kuketi penye sumu. Basi shikeni alama hii: watu wawili watatu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa wakati mmoja, nao hupata nafuu wakitoka nje, hiyo si malaria. Malaria haiwakamati watu wa meza nne kwa saa moja, wala haiponi kwa kutoka barazani.

Mkiona hivyo, tokeni kwanza. Msikae kutafuta faili wala kufunga kompyuta. Aliyezimia atolewe kwenye hewa safi, lakini mwokozi asidumu ndani akawa wa pili. Afungue, atoe, atoke. Kisha wapelekwe hospitali wote, hata asemaye amepona, na mganga aambiwe wazi, "Walikuwa karibu na jenereta." Neno hilo ni la lazima, maana kile kifaa kidogo kibanwacho kidoleni kupima oksijeni ya damu hudanganywa na sumu hii, kikaonyesha hesabu njema kwa mtu aliye hatarini. Kwa avutaye hewa ya kawaida, huchukua kiasi cha saa nne au tano hata nusu ya sumu itoke katika damu. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, muda huo hupungua ukawa kiasi cha saa moja na nusu. Mwanamke mwenye mimba asicheleweshwe kamwe, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi.

Ndege wa wachimbaji hatunao masjalani, lakini kipo kengele kidogo cha betri kinacholia kikihisi kaboni monoksidi. Ofisi yenye jenereta karibu ikinunue. Hata hivyo kengele si ruhusa ya kuiingiza mashine ndani; ni mlinzi wa pili, wa kwanza ni umbali.

Tena si kuzimia tu ndiko kwa kuogopwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 ulisema hewa ya ndani ya nyumba isizidi miligramu 100 za sumu hii katika mita moja ya ujazo kwa dakika 15, na kwa saa 8 isizidi miligramu 10. Saa 8 ndiyo siku yetu ya kazi.

WAJIBU WETU

Sasa twafika mahali tulipokuwa tukipaogopa. Katika kisa chetu hapakuwa na mtu mwovu. Mkuu wetu alitaka kuilinda mali ya serikali na mvua na wizi, na hilo ni jema. Mlinzi alitii. Sisi tulitaka kumaliza hesabu kwa wakati. Kilichokosekana ni neno moja la mtu aliyekuwa akijua.

Sisi makarani tumelelewa katika utii, na utii ni sifa yetu. Pasipo huo masjala ni soko. Lakini utii si kunyamaza. Mkubwa hawezi kujua yote, na ndiyo sababu aliwekewa makarani. Karani auonaye mtego katika njia ya mkubwa wake akanyamaza kwa adabu, hakumheshimu, amemwacha aingie. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza ya kuwa kifo hicho si lazima kiwe cha yule aliyeficha. Chaweza kumwumbua mzee asiyekuwa na habari, aliyelaza kichwa mezani.

Tena sisi tunayo silaha yetu, nayo ni kalamu. Neno la mdomo husahauliwa, wala anayelisema hana ushahidi. Lakini dokezo lililotiwa faili, lenye namba na tarehe, halipotei. Basi tumeandika mfano, ambao kila mwanachama aweza kuunakili:

"Kwa heshima, naarifu ya kuwa jenereta ya ofisi huwashwa katika chumba kilichoungana na masjala. Moshi wake una sumu isiyoonekana iwezayo kuua, na maagizo ya mashine yenyewe yakataza kuiwasha ndani. Naomba ihamishiwe uani, umbali usiopungua mita 6 na madirisha yote, chini ya paa lisilo na kuta, lenye nondo za kuzuia wizi. Makadirio ya gharama yameambatishwa. Kabla ya kuhamishwa, naomba isiwashwe watu wakiwamo ndani."

Maneno haya hayana dharau hata moja. Hayamlaumu mtu, yanataja hatari, yanaleta dawa, na kuitaja gharama. Mkuu mwenye busara atashukuru. Na ikiwa hatasikia, dokezo lifuatwe na la pili, na nakala iletwe kwa Halmashauri ya chama, ili neno la mmoja liwe neno la wengi.

Kwa hiyo twaweka mbele ya mkutano huu mashauri matatu. La kwanza, kila tawi litazame jenereta zote za maofisi yake kabla ya mkutano ujao na kuleta taarifa: iko wapi, i mbali kiasi gani, na moshi wake waelekea wapi. La pili, walinzi na matarishi wafundishwe dalili hizi kama makarani, kwa kuwa mlinzi ndiye aliyetuokoa, naye hakuwa amefundishwa na mtu. La tatu, mwanachama yeyote aandikaye dokezo la namna hii asiachwe peke yake. Chama kisimame naye.

Bwana Mwenye Kiti, mzee wetu wa masjala hakuweza kuja leo. Tulimtembelea nyumbani kwake kabla ya kuyaandika maneno haya, tukamwomba ruhusa ya kumtaja pasipo jina, naye akatukubalia. Alituuliza kama ile jenereta bado imo kijichumbani. Tulimwambia imetoka, iko uani chini ya paa lake, ndani ya nondo. Akafurahi. Baada ya kitambo kidogo akatuuliza swali lile lile, nasi tukamjibu tena.

Tumekwisha.